Shangazi, niliacha kukimbia miaka minane iliyopita na nyumbani hawajui

Kwako Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Elgeyo Marakwet, na sasa naishi Marekani, katika jimbo la Iowa. Safu yako naisoma usiku nikiwa kazini, wazee wakishalala. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma kabla sijabadili nia.

Nilikuja huku Agosti 2012 kwa ufadhili wa riadha. Nilikuwa nakimbia mita 5,000, mita 10,000 na mbio za nyika. Kanisa lilinifanyia harambee ya tiketi, na baba akaongezea kwa kuuza ng'ombe wawili, mmoja wao akiwa na mimba. Siku ya kuondoka, mzee mmoja jirani alinishika mkono akaniambia, "Nenda ukatuletee." Hakusema niwaletee nini, nami sikuuliza. Nilidhani najua.

Chuoni nilikimbia vizuri. Mwaka wa 2015 timu yetu ya wasichana ilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa ligi yetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia yote ni matope, na mimi matope nimekulia. Nilimaliza wa nne. Ile picha yetu sote saba tumeshikana mabega, tope hadi magotini, iko sebuleni kwa mama, imetiwa fremu na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Medali zangu zimepangwa chini yake. Mgeni akiingia huonyeshwa kwanza, ndipo chai ifuate.

Asichokijua mama ni kwamba picha ile ilipopigwa nilikuwa sijaona hedhi kwa miezi kumi na minne. Sikumwambia mtu. Kocha alikuwa akinisifu kwamba nimekuwa mwepesi, na kwamba nikipunguza kilo mbili tu hakuna atakayenishika. Nikazipunguza, kisha nikapunguza nyingine ambazo hakuniomba. Februari iliyofuata mfupa wa muundi wa kushoto ukapata ufa. Nikapumzika wiki nane, nikarudi, ukapasuka wa kulia. Mei 2016 nilihitimu nikiwa na magongo kwapani. Nikajaribu mwaka mmoja peke yangu, bila timu wala kocha, alfajiri nakimbia na mchana nafanya kazi. Machi 2017 ule wa kushoto ukapasuka tena. Niliketi kando ya barabara, nikavua viatu, nikachechemea hadi nyumbani na soksi. Sijakimbia tangu siku hiyo.

Kuna na hili. Mimi nilitaka kuwa muuguzi. Muhula wa kwanza nilijiandikisha masomo ya matayarisho ya uuguzi, lakini mshauri wa masomo wa wanamichezo akaniita akaniambia mafunzo ya hospitalini yatagongana na mazoezi na safari za mashindano. Akanihamishia kozi ya mawasiliano. Wenzangu watano wa timu walikuwa humo humo. Ufadhili wetu ulikuwa unatiwa saini upya kila mwaka, kwa hiyo sikuona pa kukatalia. Basi nina digrii ambayo sijaitumia hata siku moja. Nilibahatika kupata Green Card kwa ile bahati nasibu ya viza, na tangu 2017 ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee, zamu ya usiku.

Kazi yenyewe siichukii. Kuna bibi mmoja wa miaka 91 aliyevunjika nyonga. Kila alfajiri namtembeza kwenye korido, kutoka mlangoni pake hadi dirishani, hatua 24. Aliniomba nimhesabie kwa Kiswahili, na sasa mwenyewe anahesabu hadi ishirini. Akifika dirishani huinua mkono juu kama aliyekata utepe. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote katika siku yangu. Nikitoka pale naenda kulala mapazia yakiwa yamefungwa, na simu ikilia nikaona ni baba, moyo unanienda mbio.

Maana nimewadanganya, Shangazi. Baba akiuliza mazoezi, nasema yanaendelea. Akiuliza lini nitakimbia marathoni kubwa, nasema kocha bado ananiandaa. Dola 300 ninazotuma kila mwezi anaamini ni za zawadi za mbio, na anawaambia watu hivyo sokoni. Jirani mmoja amekwisha kusema nimerogwa miguu, kwa sababu jina langu halisikiki redioni.

Sasa mambo yamenifika pamoja. Kocha wetu wa zamani ametuandikia kwamba Oktoba mwaka huu wa 2025 tunatimiza miaka 10 ya ubingwa ule, tukutane chuoni, kila mmoja asimame dakika tano aeleze alivyokuwa na alivyo sasa. Mmoja wetu ni daktari wa watoto. Mwingine ni kocha wa chuo. Mwingine bado anakimbia kwa mkataba wa kampuni ya viatu. Mimi nimenenepa, na picha zikisambaa nyumbani watajua. Na kubwa zaidi, kitinda mimba wetu amemaliza Kidato cha Nne, amepata B, na anakimbia mita 5,000 kunipita mimi nilipokuwa na umri wake. Kuna mtu anayetafutia vyuo vya Marekani wanariadha, ameshafika kwa baba, na baba ameshasema ndiyo. Kila wiki mtoto ananiandikia, "Dada, niambie huko kukoje." Nami namtumia picha za theluji.

Kwenye mkutano wa Oktoba niende au nisiende? Nyumbani niwaambie nini? Na huyu mtoto je?

Aliyevua Viatu, Iowa



Mwanangu Uliyevua Viatu,

Kabla ya kujibu barua za watu nilifundisha michezo shule za sekondari kwa miaka 26. Wasichana niliowapigia filimbi alfajiri, kisha nikawasindikiza kwenda kupanda ndege kwa ufadhili kama wako, ni tisa. Katika hao, wawili tu ndio waliowahi kuniambia kukoje hasa. Wengine walituma picha za theluji. Kwa hiyo barua yako nimeipokea kama iliyotoka kwa mmoja wa wale saba.

Nianze na mwili, kwa sababu huo umeutaja haraka haraka ukapita, na mimi naona ndio mzizi.

Hedhi ikikatika kwa msichana anayefanya mazoezi, mwili unasema chakula hakitoshi. Kinachoingia kinaliwa chote na mbio, hakibaki cha kuendesha mengine, basi mwili unaanza kuzima moto chumba kimoja baada ya kingine. Uzazi huzimwa mapema. Homoni ya estrojeni ikishuka, mfupa nao unakosa cha kuujenga upya kila unapochakaa, na muundi unaopigwa chini maelfu ya mara kila asubuhi hauwezi kuvumilia. Madaktari wa michezo walikuwa wakiuzungumzia utatu huu, yaani kula kidogo, hedhi kupotea na mifupa kudhoofika, tangu miaka ya 1990. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu wake kuhusu hali hii, wakaeleza kwamba hata wanaume inawapata. Hiyo ni miaka miwili kabla ya ufa wako wa kwanza. Maarifa yalikuwapo, mwanangu. Hukufikishiwa. Hukurogwa, hukuwa mvivu, wala hukuwa na mifupa ya bahati mbaya. Ulikuwa na njaa, na watu wazima waliokuzunguka wakaipigia makofi.

Nasema hivi nikijua na mimi nina sehemu yangu. Wasichana waliwahi kunijia ofisini wakaniambia kwa aibu kwamba miezi imepita bila kitu, nikawajibu kwamba ni kawaida ya wakimbiaji, na tena wamepumzika usumbufu. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Kama mmoja wao anasoma hapa, ninamwomba radhi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni daktari. Usimwambie tu kwamba ulipata majeraha zamani. Mweleze kwa mpangilio: miezi kumi na minne bila hedhi, mivunjiko mitatu, ulikuwa unakula nini, na hedhi yako ikoje leo. Muulize kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa, na akuangalizie homoni na vitamini D. Una miaka 31, una muda wa kuulinda mfupa uliobaki. Na hizo kilo unazoziogopa kwenye picha, mwili ulizidai kwa sababu ulikuwa unazihitaji. Sitaki kukusikia tena ukiziorodhesha pamoja na aibu.

Sasa nyumbani.

Baba yako hajui jambo moja ambalo si kosa lake kutolijua: mbio za vyuo vya Marekani enzi zako hazikuwa na pesa. Huku kwetu mtu akishinda anapewa bahasha, hata kama ni mbio za barabarani za kilomita kumi. Kule, hadi Julai 2021, mwanafunzi mwanamichezo alikuwa haruhusiwi kupokea hata senti kwa jina lake. Ungeshinda ubingwa wa nchi nzima, ungerudi bwenini na medali na njaa yako. Malipo yalikuwa karo, malazi, chakula na vitabu. Basi zile medali zilizo ukutani kwa mama hazikuleta kitu kwa sababu hazikuwahi kuwa na kitu, na hakuna aliyekaa na wazee akawaeleza. Waeleze wewe. Nusu ya mzigo wako itatua hapo hapo.

Kisha mtajie Henry Rono. Baba yako, nikikadiria umri wake, alikuwa kijana redio ilipomtangaza. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, Rono alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya vile kabla yake. Olimpiki hakukimbia hata moja, kwa kuwa Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Baada ya hapo pombe ikamchukua, akakosa hata mahali pa kulala, akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Aliyaeleza yote mwenyewe, hadharani. Akaacha pombe, akafundisha watoto na kuwanoa wakimbiaji huko Albuquerque, akarudi Kenya uzeeni, na alifariki Februari 2024.

Sikutajii Rono ili nikuambie kwamba wewe ni afadhali. Nakutajia kwa sababu watu wa kwetu walimlilia wakisema alipoteza kila kitu, na mimi kila nikisikia hivyo hujiuliza kwa nini ile miaka ya kufundisha watoto hatuihesabu. Tunamhesabia siku 81 basi. Na hivyo ndivyo unavyojihesabia wewe. Barua yako nzima imejaa nambari za mbio, halafu miaka minane ya kuwainua wazee vitandani umeipa mistari michache.

Kuna na Mike Boit, ambaye kwa umri wangu ndiye niliyekuwa nikiwatajia wanafunzi. Alipata shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Eastern New Mexico University, akaendelea kusoma hadi shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuwa kamishna wa michezo. Yeye naye alikosa Montreal kwa mgomo ule ule. Wawili hao walitoka bonde moja, enzi moja, mlango ule ule wa ufadhili. Mimi sidhani tofauti yao ilikuwa tabia njema na tabia mbaya, kama wazee wanavyopenda kusema. Mmoja alikuwa na kitu kingine cha kushika mkononi mbio zilipokwisha, mwingine akabaki na mikono mitupu katikati ya watu waliomshangilia.

Wewe kitu cha kushika walikunyang'anya katika muhula wa kwanza, na hapo ndipo ninapoona hasira. Yule mshauri alikutazama ratiba akasahau kukutazama wewe. Walikwambia uuguzi na mbio havichanganyiki. Sally Kipyego, mtoto wa kwetu vilevile, alianzia South Plains College, chuo cha miaka miwili, akaenda Texas Tech, akashinda mataji tisa ya kitaifa ya vyuo ya mtu binafsi, na akatoka pale na digrii ya uuguzi. Baadaye akapata fedha ya mita 10,000 London 2012. Si kila chuo kina nafasi hiyo, najua. Lakini neno sahihi lilikuwa "hapa hatuwezi kukupangia", na hilo ungelijua ungeweza kuhama chuo. Wao wakakwambia haiwezekani.

Inawezekana hata leo. Huko uliko kuna njia mbili. Kuna vyuo vyenye programu fupi za uuguzi kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya fani nyingine, nyingi zikiwa za mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, ukishamaliza masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu. Na kuna chuo cha jamii cha miaka miwili, ambacho ni nafuu zaidi, na mtihani wa leseni unaofanya mwishoni, NCLEX, ni ule ule anaoufanya aliyesoma miaka minne. Green Card inakufungulia mikopo ya serikali ambayo wakati ule hukuwa nayo. Digrii ya mawasiliano uliyoidharau ndiyo itakayokuingiza katika ile njia fupi. Uliza pia makao unakofanya kazi kama hulipia wafanyakazi wake masomo, maana wengine hulipa kwa makubaliano kwamba utabaki nao muda fulani. Miaka minane ya zamu za usiku haimo kwenye cheti chako, lakini siku ya mafunzo ya hospitalini wenzako watakapokuwa wanaogopa kumgeuza mgonjwa, wewe mikono itajua.

Namna ya kuwaambia wazazi. La hedhi ni la mama peke yake. La mifupa na kazi ni la baba. Anza na mama, mwambie yote, na umwambie wazi kwamba la baba utampigia baba mwenyewe. Usimtume mama. Baba akilisikia kwa mama ataona umemficha mara ya pili. Mpigie ukitoka zamu; saa moja asubuhi kwenu, huku ni alasiri, bado hajaenda kuzungumza na wenzake. Maneno yawe machache. Mwambie, "Baba, kukimbia niliacha 2017, mifupa ilipasuka mara tatu. Pesa ninazotuma ni za kazi yangu, nawauguza wazee. Niliogopa kukwambia kwa sababu ya wale ng'ombe." Kisha unyamaze. Atanyamaza na yeye, pengine muda mrefu, na wewe utatamani kujaza kimya hicho kwa kuahidi jambo. Usiahidi. Huyu ni mzee aliyesimama sokoni miaka minane akiwaeleza watu habari zako, na sasa ana njia ndefu ya kurudi. Mpe siku zake. Anaweza hata kukata simu. Endelea kutuma pesa kama kawaida na umpigie wiki inayofuata kumuuliza habari za mvua.

Na nikuambie kuhusu yule mzee jirani wa "ukatuletee". Harambee ile ilikuwa ya tiketi ya kwenda shule. Ulikwenda, ukahitimu kwa magongo, na mdogo wako amefika Kidato cha Nne kwa dola zako. Sijui alitaka uwaletee nini zaidi.

Huyu mdogo ndiye wa haraka, kwa sababu baba ameshasema ndiyo na karatasi zinaweza kutiwa saini kabla ya Oktoba. Sisemi umzuie. Kwa msichana mwenye B na miguu hiyo, ufadhili ni mlango mzuri sana, na mimi niliupigania kwa wasichana tisa na ningeupigania tena. Lakini aingie akijua. Mwambie ulichoniambia mimi, na la hedhi ulianze nalo, kwa lugha ya dada na dada. Mwambie siku hedhi ikikatika akupigie wewe kabla ya kumwambia kocha, na kwamba mtu akimsifu kwa kukonda huo ni wakati wa kuongeza chakula.

Kisha kaeni na huyo mtafuta wanariadha, wewe ukiwa kwenye simu, mumuulize akiwa mbele ya baba. Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaotiwa saini upya, au wa miaka yote? Akiumia akashindwa kukimbia, unaendelea? Unalipia nini na unaacha nini: bima ya afya, tiketi ya kurudi nyumbani, chakula wakati wa likizo bweni likifungwa? Anataka kusoma nini, na je, katika timu hiyo yupo au aliwahi kuwapo anayesoma fani hiyo? Aombe kuzungumza na msichana mmoja wa timu bila kocha kuwa karibu. Na huyo bwana mwenyewe, nani anamlipa, na kiasi gani? Akikasirika kuulizwa hilo, mmeshapata jibu. Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui: enzi zako kanuni za vyuo vile zilimkagua mtu kama aliwahi kukimbilia pesa kabla ya kujiunga, kwa hiyo aulize kwanza zinavyosema sasa kabla ya kukimbia mbio za zawadi hapa nyumbani akisubiri viza. Muda nao una mipaka. Enzi zako ilikuwa misimu minne ndani ya miaka mitano, na saa ilianza kuhesabu mara tu mtu alipojiandikisha masomo.

Mkutano wa Oktoba nimeuacha mwisho kwa sababu ukishafanya hayo mengine utakuwa mwepesi kuliko unavyoonekana sasa. Nenda. Nenda hata kama yule kocha ndiye anayealika. Ubingwa ulikuwa wenu ninyi saba mliokuwa kwenye tope, na wanawake wale huenda nao wana vyumba vyenye mapazia yaliyofungwa. Daktari yule wa watoto alikimbia kando yako miezi ile kumi na minne. Je, yeye hedhi alikuwa anaipata? Hamkuwahi kuulizana. Mkiwa peke yenu jioni, ulizaneni. Na kocha, ukiona una nguvu, mwambie faraghani lile neno la kilo mbili lilifanya nini. Yeye bado ana wasichana mikononi. Ukiona huna nguvu, acha, si lazima uende huko ukiwa mwalimu wa mtu. Lakini barua ya kukupendekeza kwenye programu ya uuguzi mwombe, hiyo unamdai.

Kuhusu zile dakika tano, umeshaziandika. Zimo kwenye barua yako, pale kwenye korido. Sema ulikuwa wa nne siku ile ya matope, sema mifupa ilipasuka mara tatu na kwa nini, kisha uwaeleze habari za mama wa miaka 91 na hatua 24 hadi dirishani. Wao ni wakimbiaji, wanajua maana ya mtu kukuhesabia wakati huwezi kujihesabia mwenyewe.

Niandikie ukishazungumza na baba, hata kama atakuwa amekata simu. Na yule bibi umesema amefika ishirini. Mfundishe nne zilizobaki.

Shangazi yako